Mti wa Jongoo na Harufu ya Siafu

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Na ninyi wazee mliojifanya mmepitia tu, kaeni vizuri, hadithi hii haichagui umri. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tumefika wote. Tuondoke pamoja.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo ardhi ilikuwa nyingi na wenye kuikanyaga walikuwa wachache, palikuwa na bwawa. Kando ya bwawa palikuwa na Chura. Kando ya Chura palikuwa na Panya. Kando ya Panya palikuwa na Konokono. Na chini ya gogo lililooza, kando ya wote, palikuwa na Jongoo. Huo ndio uliokuwa mji. Uliitwa Dimbwini. Ulikuwa mdogo, hata mtu akipiga chafya mwanzo wa mji, wa mwisho wa mji alimwitikia, "Afya!"

Mji mdogo, adui mkubwa. Adui alikuwa Chatu. Alishuka kilimani taratibu, akameza mayai. Akameza watoto. Akameza na mama waliolilia watoto. Kila asubuhi wenyeji walijihesabu, na kila asubuhi hesabu ilipungua.

Siku moja wakapita siafu. Shaaaa! Weusi, wengi, wamefuatana kama mto unaopanda mlima. Hawakuuliza Chatu yuko wapi. Walipita tu, na njia yao ikapita pale alipolala ameshiba. Jua lilipoanza kuinama, Chatu alikuwa mifupa. Mifupa myeupe, imepangwa vizuri kama meno ya kitana. Ndiyo maana hata leo, chatu akitaka kumeza kitu, kwanza huzunguka. Huzunguka, huzunguka, aone kama hakuna siafu karibu. Muulizeni.

Wenyeji wakasema, "Hawa wasiondoke." Wakamwendea Jemadari wa siafu.

"Afande, kaeni nasi. Kilima kile ni chenu. Pigeni kambi."

"Tutakaa," akasema Jemadari. "Lakini tupeni mpaka. Siafu asiye na mpaka ni balaa hata kwa rafiki yake."

Nani atapima? Jongoo. Siku hizo Jongoo alikuwa msichana, anang'aa kama chungu kilichopakwa mafuta. Miguu yake ilikuwa mia, wengine husema mia tatu, na haikuwahi kugombana hata siku moja. Ukitaka kupima ardhi, mtafute mwenye miguu mingi isiyogombana.

Wakakubaliana hivi. Jongoo ataondoka ukingo wa maji jua likichomoza. Atapanda kilima. Jua likifika utosini, atasimama. Alipotoka hadi aliposimama ni mji. Kutoka hapo kwenda juu ni kambi.

Jongoo akaenda. Taratara, taratara, taratara. Ubavuni mwake akaenda siafu mmoja, anahesabu hatua za Jongoo. Moja, mbili, tatu. Jua likafika utosini. Jongoo akasimama, akasimika kijiti cha mkole ardhini. Ardhi ilikuwa laini, mvua ilikuwa imetoka kunyesha, kijiti kikaingia bila kusukumwa. Hilo la mvua litieni kibindoni. Tutalihitaji.

Siafu wakaondoka kwenda kuwaleta watoto wao na malkia wao. Walipokwisha kurudi walizihesabu zile hatua tena, wao wenyewe, kutoka ukingo wa maji. Moja, mbili, tatu, hata ya mwisho. Hapo wakapaka harufu yao. Kijiti hawakukiona. Siafu hana macho, ana pua.

Basi mji ukawa na mpaka wa kuonekana, na kambi ikawa na mpaka wa kunuswa. Na kila upande ukajua kuwa mpaka ni mmoja.

Miaka ikapita. Chatu hakuonekana tena, na habari ya usalama husafiri. Wakaja mijusi, wakaja vicheche, wakaja mende na jamaa zao wote. Mji ukapanda kushoto kwa kilima. Ukapanda kulia. Ukazunguka nyuma, ukakutana. Siku moja watu wakaamka wakakuta kambi iko katikati ya mji, kama kiini ndani ya yai.

Watoto wakauliza, "Hawa siafu kwa nini wamekaa katikati yetu?"

Wazee wakajibu, "Hawakuja katikati. Sisi ndio tuliowazunguka."

Watoto hawakuelewa. Chatu hawakumjua.

Chura alikuwa amekuwa Mwenyekiti, shingo imevimba kwa hotuba. Kila mgeni aliyefika alimwambia, "Jenga, ndugu yangu. Jenga mpaka kwenye Mti wa Jongoo, usivuke tu." Nao wakajenga. Mwanzo chini, karibu na maji. Kisha juu kidogo. Kisha juu zaidi. Mwishowe nyumba sabini zikajipanga chini ya kile kijiti cha mkole, na mtaa huo ukaitwa Mtini.

Jongoo naye alikuwa amezeeka, sasa anaitwa Bi Jongoo. Mji wote ulimwamkia, naye hakuwa na majivuno, isipokuwa jambo moja. Akiulizwa habari ya mpaka, aliinua kichwa na kusema, "Mti wangu haujasogea."

Hata Mama Panya, mjukuu wa yule Panya wa kwanza, alipotaka kujenga alimwendea yeye kwanza.

"Shikamoo, bibi. Nataka kujenga pale Mtini, nyumba ya mwisho kabisa, ubavuni mwa mti wako. Pana usalama?"

"Marahaba, mwanangu. Jenga. Pale nilipapima mwenyewe."

Mama Panya akajenga. Akahamia humo. 

Sasa sikilizeni.

Asubuhi moja ya masika Mama Panya akatoka kutafuta chakula, akaona mlango wake umetafunwa. Mistari miwili, imekatana kama mkasi uliofunguliwa. Akatazama mlango wa jirani. Mkasi. Wa jirani wa jirani. Mkasi. Milango sabini, mikasi sabini. Na juu ya jiwe alisimama askari mmoja wa siafu, anatangaza kwa sauti isiyo na hasira wala huruma:

"Mmejenga ndani ya kambi. Ardhi ikianza kupasuka, tutapita hapa. Ondokeni. Mmejenga ndani ya kambi. Ardhi ikianza kupasuka..."

Mji ukalipuka. Baraza likakaa hapo hapo. Chura akapanda juu ya jani la yungiyungi, akavimba.

"Ndugu wananchi! Krooo! Haki yetu haina shaka! Tuna mti! Tuna aliyeusimika! Bi Jongoo, sema!"

Bi Jongoo akainua kichwa. "Mti wangu haujasogea."

Makofi, vifijo, vigelegele. Wakapanda wote hadi lango la kambi, Chura mbele, Bi Jongoo nyuma kwa sababu ya mwendo wake, Konokono nyuma ya Bi Jongoo kwa sababu ya mwendo wake zaidi.

Jemadari akatoka. Alikuwa mjukuu wa mjukuu wa yule wa kwanza, kichwa kikubwa, taya ndefu, na mahali pa macho hapana kitu. Kelele zikafa zenyewe. Wengi hawakuwahi kumwona siafu mkubwa kwa karibu.

Chura akakohoa. "Afande, kwa heshima zote. Mnataka ardhi yetu."

"Yetu," akasema Jemadari. "Tulihesabu hatua. Mti wenu umesogezwa."

Bi Jongoo akahisi miguu yake yote inasimama. "Binti yangu, mti ule niliusimika mimi. Unaniita mwongo?"

"Sijamwita mtu jina lolote, mama. Nasema harufu yetu haijasogea."

"Na mti wangu haujasogea."

Mende mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Kambi yenu ni kilima chote! Ardhi ya nini tena? Mnataka kulima?"

Jemadari akageuzia pua kule sauti ilikotoka, na mende akajificha nyuma ya shemeji yake.

"Siafu hulala juu ya siafu," akasema Jemadari. "Ardhi ya kulala hatuhitaji. Tunahitaji ya kupita, mwaka wa safari ukifika. Tukiwa safarini, kila mmoja anafuata harufu ya aliye mbele yake. Aliye mbele anafuata amri. Hakuna anayeona. Tukikuta nyumba, hatujui kuwa ni nyumba. Tukikuta mtoto, hatujui kuwa ni mtoto. Ndiyo maana mama zetu waliomba mpaka. Hawakuuomba kwa ajili yao."

 Mama Panya alikuwa amesimama karibu na Bi Jongoo, na Bi Jongoo akamsikia pumzi zikimtoka moja moja.

Wakati wa kushuka hakuna aliyesema, mpaka Konokono, ambaye kimya humchosha kuliko safari, akaanza mzaha.

"Mimi bora maji yenyewe. Hayagombanii mpaka. Masika yananifuata mlangoni, hodi, hodi. Kiangazi nayafuata mimi, natembea siku mbili nzima ndiyo niyaone yalikokimbilia."

Wakacheka. Bi Jongoo hakucheka.

"Mjomba Konokono, umesema nini?"

"Nimesema maji yananifuata..."

"Maji yanakimbia?"

"Bi Jongoo! Kila mwaka. Hujui?" Kisha Konokono akakumbuka. "Ah. Utajuaje, na wewe kiangazi unalala?"

Ni kweli. Mvua zikikatika, jongoo hujikunja kama pete, huingia chini ya gogo, hulala. Mvua zikirudi, huamka. Ndivyo mama yake alivyofanya, na mama wa mama yake. Katika umri wake wote Bi Jongoo hakuwahi kuiona siku moja ya kiangazi. Alidhani bwawa ni lile analolijua, limejaa, limetulia, mwaka mzima. Na waliolijua bwawa la kiangazi hawakuwahi kumwambia. Kwa nini wamwambie? Waliliona likinywea kila mwaka kama unavyouona mkono wako. Nani huamka akapima mkono wake? Na kama kuna aliyewahi kujiuliza, basi alijiuliza mara moja tu, kwa sababu sikio ni zito kwa neno linalopunguza kiwanja.

Masika yakaisha. Jongoo wote wakajikunja. Bi Jongoo hakujikunja.

"Utakauka," wakamwambia.

"Nikilala sitajua," akajibu.

Akatoka chini ya gogo lake, akasimama juani. Na hapo, enyi wasikilizaji, bibi aliyezeeka akawa mgeni wa dunia.

Aliona mbingu isiyo na wingu hata moja, buluu tupu, akaogopa itamwangukia. Aliona mti unaacha majani yake yote, moja baada ya jingine, bila kulia. Aliona nyasi zinageuka rangi ya simba. Na aliliona bwawa. Kila asubuhi lilikuwa limerudi nyuma kidogo, kama mtu anayeondoka kwenye chumba cha mgonjwa bila kugeuza mgongo. Nyuma yake liliacha matope. Matope yakawa udongo. Udongo ukapasuka vipande vipande, kila kipande kimejikunja pembeni kama kigae, na mifupa ya samaki wadogo imelala ndani yake inang'aa. Bi Jongoo alitembea juu ya mahali alipopajua kuwa ni maji, na hakulowa.

"Mambo haya yote," akasema peke yake, "yalikuwa yakitokea nikiwa nimelala."

Mwili wake ulikuwa umeanza kufifia. Weusi ulikuwa umegeuka kijivu. Pingili zake zililia alipopinda, kwa, kwa, kwa. Lakini alifika yalipo maji, akangoja jua lichomoze, akaanza kupanda. Taratara, taratara. Akavuka matope. Taratara. Akavuka mji wa chini. Taratara. Jua likafika utosini. Akasimama.

Mti wake ulikuwa mbali juu. Kati yake na mti zilikuwako nyumba sabini. Na puani mwake, kali kama limau lililooza, ilikuwamo harufu ya siafu.

"Simama! Nani?" Ilikuwa sauti ya askari wa zamu.

"Jongoo."

"Umesimama kwenye hatua ya mwisho."

"Hasa?"

"Hasa. Haijazidi moja, haijapungua moja."

Bi Jongoo akapumua. "Mnahesabu vizuri, mwanangu. Mama zenu walipohesabu, maji yalikuwa wapi?"

"Maji ni maji. Mdomo ukilowa, ndipo yanapoanza."

"Ardhi ilikuwaje? Laini?"

Askari akafikiri. Siafu huambiana kila kitu, hakuna kinachosahaulika. "Ngumu. Imepasuka. Tulifika na watoto wakati wa jua kali."

"Na tangu hapo mmewahi kuhesabu tena?"

"Kwa nini? Amri ilishapakwa."

Bi Jongoo akashuka hadi barazani, akawaita watu, akawaambia yote. Akasema, "Nilisimika mti wangu masika, kutoka maji ya masika. Wao wakapaka harufu yao kiangazi, kutoka maji ya kiangazi. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyesogeza. Lakini mti wangu hausemi kweli yote."

Unadhani walimshukuru?

"Bi Jongoo," Chura akasema polepole, hotuba imemwisha, "nyamaza. Nakuomba kama mama yangu. Hilo umelijua wewe na sisi. Likifika kambini, nyumba sabini hazipo."

"Na lisipofika kambini, Mwenyekiti, siafu hawapiti?"

 Nyuma ya Chura sauti zikapanda. "Kazeeka!" "Jua limempiga kichwani!" "Tumtupe jongoo na mti wake!" Wakaushika wimbo. "Jongoo na mti wake! Jongoo na mti wake!" Wengine walikuwa watoto wa wale aliowapimia viwanja, na aliwajua kwa majina.

Mama Panya, aliyekuwa amezaa juzi watoto saba, wekundu, macho bado hayajafunguka, hakuimba. Alimsogelea.

"Bibi, uliniambia nijenge."

"Nilikuambia."

"Uliniambia pana usalama."

"Nilikuambia. Sikukudanganya, mwanangu. Nilikosea. Lakini nyumba haijui tofauti yake, na watoto wako saba hawaijui." Akageuka kukitazama kilima. "Ndiyo maana nakwenda kambini."

Akapanda tena. Ubavuni mwake, bila kuambiwa, akapanda Mama Panya.

Jemadari alimsikiliza hadi mwisho. Taya zake zikafunguka, zikafungika.

"Mama, waliohesabu ni mama zetu. Nikisema walikosea, kesho nani atafuata harufu?"

"Hawakukosea, binti yangu. Walihesabu vizuri. Nami nilitembea vizuri. Bwawa lina kingo mbili. Kila mmoja wetu alishika ukingo mmoja, akadhani ndiyo bwawa."

"Basi mpaka uko wapi?"

"Nusu ya njia. Kati ya mti wangu na harufu yenu. Nusu yenu, nusu yetu."

"Amri imeshapakwa. Ardhi imepasuka. Kesho jua likichomoza tunatoka, na amri ikishapakwa hata mimi naifuata."

Mama Panya akapiga magoti. "Afande, nina saba. Hawajaona hata jua."

"Na mimi sijaliona," akasema Jemadari, na hakusema kwa kejeli. Kisha akageuka kwa Bi Jongoo. "Siafu hageuzwi na neno. Hugeuzwa na harufu. Yako ni chungu, mama. Tunaikwepa tangu enzi za bibi zetu. Palipopita jongoo aliyetoa uchungu wake, siafu havuki."

Bi Jongoo akaelewa. Jongoo akiguswa au akiogopa, mbavuni mwake hutoka maji ya rangi ya chai, machungu. Ni maji yake ya mwisho. Masika huyatoa bila kufikiri. Kiangazi, kuyatoa ni kujikamua uhai.

"Mtaa mzima," akasema. "Kutoka mwanzo hadi mwisho."

"Najua. Ndiyo maana sikukuamuru. Nimekuambia tu."

Bi Jongoo akashuka hadi nusu ya njia. Jua lilikuwa bado lipo. Akaanza.

Taratara. Tone. Taratara. Tone.

Ubavuni mwake akatokea siafu mmoja, akawa anahesabu. Moja, mbili, tatu.

Mama Panya akakimbia mtaani. "Bibi anachora mpaka! Walio juu ya mstari washuke! Washuke sasa!" Watu wakatoka. Wakamwona yule kikongwe wa kijivu anatambaa mbele ya milango yao, anaacha nyuma yake mstari mwembamba wa rangi ya chai. Wale waliokuwa wakiimba wakasahau walikuwa wakiimba nini.

Nyumba thelathini na tano zilikuwa juu ya mstari. Zikahamwa. Wa chini wakafungua milango, wengine kwa moyo, wengine kwa aibu, lakini ilifunguka. Mijusi wakabeba mayai. Konokono akawaambia wote, "Poleni kwa kuhama, mimi nyumba yangu inanifuata yenyewe," na mara hii hakuna aliyemkasirikia. Na Chura, Mwenyekiti, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alishuka kilima mara saba bila neno hata moja, kwa sababu kila mara mdomoni mwake alikuwamo mtoto wa panya, ameshikwa kwa midomo laini kama yai.

Jua likazama. Jua likachomoza. Na wakasikia.

Shaaaa.

Kilima kikamwagika. Sina neno jingine. Ardhi ya juu ilitoka mahali pake ikaanza kutembea. Weusi juu ya weusi, upana wa nyumba kumi, bila kelele isipokuwa ile moja, kama mvua inayokuja kupitia majani makavu. Mto huo wa siafu ukafika kwenye Mti wa Jongoo. Mti ukatikisika, ukalala, ukaenda nao. Ukafika nyumba ya Mama Panya. Nyumba ilikuwapo. Kisha ilikuwa vumbi. Kisha hata vumbi halikuwapo.

Ukafika kwenye mstari.

Mji wote ulikuwa umekaa chini ya mstari, hatua chache tu, umeshikana mikono. Hakuna aliyekimbia. Pa kukimbilia palikuwa wapi? Siafu wa kwanza akagusa ile rangi ya chai. Akarudi. Wa pili akagusa. Akarudi. Kisha mto wote ukapinda. Ukapinda polepole, wote, maelfu kwa maelfu, ukafuata mstari wa bibi mmoja kama maji yanavyofuata mfereji.

Walipita toka asubuhi hadi mchana, toka mchana hadi alasiri. Palipokuwa na ufa ardhini, siafu walishikana miguu, wakawa daraja, na wengine wakapita juu ya migongo yao, na waliokuwa daraja hawakulalamika. Akapita malkia, mkubwa, mweupe, amezungukwa na walinzi kama mwezi na nyota zake. Na nyuma yake wakaja wasioisha, kila mmoja amebeba kitu kidogo cheupe mfano wa punje ya mchele.

"Wamebeba nini?" akanong'ona mende.

Mama Panya ndiye aliyeona. "Watoto," akasema. "Ni watoto wao."

Taya zile zile. Taya zilizomfanya Chatu kitana. Kila moja imeshika mtoto, na hakuna mtoto aliyekwaruzwa. Mama Panya akawatazama, akawatazama saba wake waliolala mapajani pa Chura, akashindwa kuwachukia. Alijaribu. Akashindwa.

Mwisho wa mstari, peke yake, alilala Bi Jongoo. Amejikunja kama pete, mwepesi kama ganda. Mto ulimzunguka, haukumgusa. Jemadari alikuwa wa mwisho kupita. Akasimama, akanusa.

"Mpimaji. Ni hatua ngapi?"

Sauti ikatoka ndani ya pete, ndogo. "Sikuhesabu."

"Sisi tumehesabu," akasema Jemadari, akapita.

Wenyeji walimbeba hadi chini ya gogo lake. Mama Panya akafuata maji mbali, akayaleta kwa jani, tone baada ya tone, kila siku, mpaka mvua zikarudi. Mvua ya kwanza ilipopiga gogo, pete ikafunguka kidogo. Mguu mmoja ukatikisika. Kisha wa pili. Kisha mia.

Siafu walirudi kambini kwao, na mpaka ukabaki pale pale nusu ya njia. Safari hii mji na kambi hawakusimika mti peke yake, wala hawakupaka harufu peke yake. Kila mwisho wa masika na kila mwisho wa kiangazi, mmoja wa mji na mmoja wa kambi huutembea pamoja, mwenye macho na mwenye pua, polepole, wakiulizana, "Wewe unaona nini?" "Wewe unanusa nini?"

Watoto saba wa Mama Panya walipofungua macho na kukua, walimuuliza Bi Jongoo, "Bibi, kiangazi uliona nini?"

Bi Jongoo akafikiri sana.

"Niliiona ardhi ina kiu," akasema. "Nikajua kwa nini kila mmoja anaitaka."

Basi wakubwa kwa wadogo, mafunzo yake ndiyo haya. Mpaka uliopimwa na mmoja, kwa msimu mmoja, haujapimwa. Kabla hujamwita jirani yako mwizi wa ardhi, kaa macho msimu ambao umezoea kulala. Na ukikuta ulikosea, sema, hata kama mti ni wako.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye mstari wa rangi ya chai. Aliye juu na ashuke kidogo, aliye chini na afungue mlango.